Wachekeshaji Walipotoka, Kwa Maelezo ya Fundi Magodoro

Jumatatu, 4 Machi
Mjukuu wangu na wenzake wameanzisha kikundi cha vichekesho. Wamekiita Farseri. Uzinduzi Jumamosi. Na wa kueleza maana ya jina ni nani? Shemeji yangu, mwalimu mstaafu! Mimi babu mtu nipo hai, nina meno kumi na moja, halafu aitwe yeye! Nikamwambia mjukuu neno hilo nalijua tangu sijaoa. Akauliza: haya babu, maana yake? Nikakohoa.

Jumanne, 5 Machi
Kwa muuza vitabu. Nikadai nimesahau miwani, anisomee yeye kamusi. (Miwani sina.) Kasema ni Kifaransa, ni mchekeshaji, na asili yake ni kushindilia. Zamani vichekesho vilishindiliwa katikati ya michezo ya kuigiza ya dini, watu wasisinzie. Kushindilia! Miaka arobaini na miwili nashindilia magodoro! Kumbe Wafaransa ni wanafunzi wangu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemjulisha shemeji, kwa huruma, kwamba uzinduzi umesogezwa hadi Jumapili. Kanishukuru, kanipa chai. Msomi huyo!

Ijumaa, 8 Machi
Mjukuu kagundua, kamweleza shemeji ukweli. Kasema nikimharibia kesho, hata harusini kwake sitaitwa. Nimeapa kukaa kimya kama kaburi. Kisha nikafunga gunia la sufi ya kujazia magodoro na fimbo ya kuichapia.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kaeleza. Maneno makavu, ukumbi mzima miayo. Ningefanyaje? Nikapanda jukwaani. Nikawaambia kushindilia hakusimuliwi, kunaonyeshwa. Sufi lazima ichapwe kwanza, ifumuke. Nikaichapa! Kweli, fundi huchapia nje, upepo ukiwa mgongoni. Humo ndani joto, feni sita zinazunguka. Ukumbi ukawa mweupe pe! Mgeni rasmi chafya tisa. Shemeji alitoka akipapasa ukuta. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mjukuu alikuwa analia. Sikuthubutu kumuuliza kwa nini.

Jumapili, 10 Machi
Mjukuu kaja na kikundi kizima. Nikajificha chooni. Kumbe wanaleta ombi! Watu wanauliza mzee wa sufi atarudi lini. Nipande kila Jumamosi, ila, babu tafadhali, usieleze kitu. Nimekubali. Wanahitaji mwalimu, wanaona haya kutamka tu. Shemeji bado macho mekundu. Wivu huo!
Nimeagiza magunia matatu. Na nimeanza kuandika hotuba, kurasa tano. Nimewaambia pia waongeze feni, maana joto lile ndilo lililowazuia watu kunielewa.