Maneno Aliyoyakata Mama Pole

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Mjukuu wangu kajifungua salama, mtoto wa kike. Nimepata kitukuu. Hapohapo likafuata la kuudhi: anasema chumba chake ni kidogo, kitanda cha mgeni kimoja, kwa hiyo aende bibi mmoja tu kumsaidia kulea. Kana kwamba kuna wa kuchagua. Mimi ndiye mzaa mama. Mzaa baba ni Mama Pole. Tunamwita hivyo kwa sababu hata ukipiga chafya anakupa pole. Mtu mwenye pole nyingi hivyo ana lake jambo.

Jumanne, tarehe 4
Nimeshinda dukani kwa binti yangu, anakochapa barua za watu. Kaweka msaidizi ndani ya kompyuta. Akili bandia, anasema. Nikamwambia nywele bandia nazijua, zikilowa zinanuka. Hakucheka. Akaeleza kwamba mtu akinakili au akikata maneno, kompyuta huyashika yale ya mwisho mpaka yaje mengine, na msaidizi kapewa ruhusa ya kuyasoma ili ayanyooshe. Nikauliza, na mwenye maneno akishaondoka? Akasema yanabaki, ila mama, tafadhali usianze.
Sijaanza kitu. Nimeuliza.

Jumatano, tarehe 5
Mama Pole kaja kumwandikia mjukuu. Simu anayo, lakini barua, aonekane msomi. Nikajifanya nafagia. Pale karibu na kiti chake nilifagia mpaka sakafu ikaona haya. Binti alipotoka kumsindikiza, nikakaa, nikamwambia msaidizi anisomee maneno ya mwisho. Akasoma kwa sauti tamu, bila aibu: "Bibi yako mzaa mama ana mdomo mkali, na akilala anakoroma kama mashine ya kusaga. Mtoto hatapata usingizi."
Mashine ya kusaga! Msaidizi akaongeza kwamba kaona kipande tu, barua nzima haijui. Nikamwambia kipande kinatosha. Ukionja chumvi huhitaji kumaliza sufuria.

Alhamisi, tarehe 6
Nimejibu mapigo. Nimetamka, msaidizi kaandika. Nimemweleza mjukuu kwamba Mama Pole ni nyoka wa majanini, kwamba uji wake una madonge, na kwamba mwanawe mwenyewe alilelewa na majirani yeye akizunguka kutoa pole. Nikamalizia: chagua, mimi au yeye. Msaidizi akauliza kama ningependa kulainisha kidogo. Nikamwambia mimi si godoro. Ujumbe umekwenda. Nimeanza kukunja nguo za safari.

Ijumaa, tarehe 7
Mjukuu kapiga simu kwa mama yake, analia. Kumbe barua ya Mama Pole ilikuwa imemfika, na inasema hivi: bibi yako mzaa mama ana mikono ya kulea kunishinda, mwite yeye. Nikajitetea: na kukoroma je? Binti akanigeukia, akasema yale ya kukoroma Mama Pole aliyaandika mbele yake kwa hasira, akajionea aibu, akayakata. Kompyuta ikayashika, na mimi nikayaokota kama kuku. Sasa mjukuu kaamua: aende Mama Pole, maana hataki matusi juu ya kichwa cha mtoto.
Haya. Lakini nauliza: neno lililokatwa lilitoka wapi, kama halikuwemo moyoni? Ukitema mate ukayafuta, si ulishatema? Binti kamnyang'anya msaidizi ruhusa. Mwenye makosa anapakiwa kwenye basi, asiye na kosa anaadhibiwa.
Nguo nimezikunjua.

Jumapili, tarehe 9
Mama Pole kaja kuaga. Kanipa pole. Akakaa kwenye kompyuta kidogo, akanichapia karatasi, akaondoka na begi lake. Karatasi ina kwaheri tupu. Nikamwita msaidizi. Akasema hana ruhusa tena. Nikasema ruhusa nampa mimi, niliyemzaa mwenye duka. Akakataa kwa adabu, jambo linaloudhi kuliko ufedhuli. Basi. Binti nimemwona kila siku akiyarudisha maneno yaliyokatwa, mwenyewe anasema anayabandika: vidole viwili, kwisha. Nikabonyeza. Yakatokea haya: "Dada yangu, nisamehe yale ya kukoroma. Nikifika nitakupigia kila asubuhi umsikie mtoto."
Maneno mazuri. Nikakaribia kulia. Kisha nikatazama karatasi yangu: kwaheri tupu. Ameyakata! Kayaandika, akajuta, akayakata. Maana yake hayamo moyoni. Hataki nimsikie mtoto. Nyoka wa majanini, nilisema.

Jumatatu, tarehe 10
Simu inaita tangu asubuhi. Jina ni la Mama Pole. Inaita, inanyamaza, inaita tena. Siipokei. Nimeikalia. Binti kanisihi nipokee, huenda ni mtoto. Nikamwambia mtoto wa wiki moja hajui kupiga simu.