Uzinduzi wa Njia ya Afya ya Curilemu

Mheshimiwa Mjumbe wa Mkoa, uliyekubali kuamka alfajiri na kuvuka milima miwili ili kuja kutuheshimu, Waheshimiwa Madiwani, mliofika na mliotuma udhuru, Kamanda wa Kikosi chetu cha Zimamoto cha Kujitolea, pamoja na lori lako jipya ambalo hivi karibuni litapata injini, Padre, Mchungaji, Mwalimu Mkuu na bendi ya shule, Muuguzi Yasna Oporto wa zahanati yetu, viongozi wa Chama cha Wazee, cha Akina Mama, na kile cha tatu ambacho jina lake limefutika kwenye karatasi yangu, majirani zangu wapenzi wa Curilemu, mlioketi, mliosimama, na ninyi mliopanda ukingo wa chemchemi ambako, nakumbusha, hairuhusiwi kupanda: habari za asubuhi!

(Sauti kutoka nyuma: "Ni saa saba mchana, Don Evaristo!")

Na za mchana! Mimi, Evaristo Monsalve Riquelme, Meya wenu kwa vipindi viwili na, Mungu akipenda nanyi mkiona haya kunikatalia, vitatu, nasimama mbele yenu katika siku hii adhimu, ya kihistoria, yenye baridi ya kadiri, ili kutekeleza kipengele cha nne cha ratiba, yaani hotuba fupi ya Meya, yenye kurasa ishirini na sita tu (miguno), kuhusu Mkakati Jumuishi, Shirikishi na Endelevu wa Kuimarisha Afya ya Mwananchi kwa Mazoezi, Lishe Bora na Hewa Safi katika Majira ya Majani Kupukutika, mkakati ambao ninyi, kwa kukosa subira, mmeuita tu "ile njia".

Majirani zangu, baada ya kufanya upembuzi yakinifu, na baadaye upembuzi wa ule upembuzi, ofisi yangu ilibaini kwamba majani yanapoanza kuanguka mwezi wa Aprili, mkazi wa Curilemu hufunga mlango, huketi kando ya jiko la kuni, hukaanga sopaipilla zake, yale maandazi yetu ya boga, kwenye mafuta, huzila zikiwa moto na nyingine zikiwa zimepoa, wala hatoki tena hadi Septemba. Asilimia tisini na mbili hufanya hivyo. Asilimia nane waliobaki hawakufungua mlango tulipokwenda kuwauliza. (Kicheko.) Ndipo nikasema, hapana! Ndipo likazaliwa wazo, tena likazaliwa kichwani mwangu, la Njia ya Afya ya Curilemu: kilomita saba kando ya mto, madaraja matatu ya mbao, viti kumi na viwili vya kupumzikia, na vibao vya kumweleza mtembeaji faida ya kila hatua anayopiga. Mabango yalibandikwa mwezi wa Machi mji mzima, Mheshimiwa Mjumbe, yakiwa na picha yangu nimevaa raba na suti ya mazoezi.

(Sauti ya mzee: "Imepigwa ofisini! Pazia linaonekana!")

Asante, Don Tránsito. Nitakufikia, usiwe na haraka.

Leo sitaki kuwachosha na takwimu, ingawa ninazo. Nataka kuzungumzia mtu mmoja, mnufaika wetu namba moja, mfano hai wa mkakati huu. Doña Rudecinda Huaiquil, simama mama, watu wakuone.

(Doña Rudecinda: "Nimesimama tangu saa nne, Mheshimiwa. Viti vyote mmewapa madiwani." Kicheko kirefu.)

Na bado amesimama! Mnaona uimara huo? Huyu, Mheshimiwa Mjumbe, ndiye mwoka mikate wa mtaa wa juu, mwenye umri wa miaka sitini na minane, na mwezi wa Machi mwaka huu alikuwa hawezi kupanda ngazi tatu za kanisa bila kupumzika kwenye ya pili. Magoti yalikuwa yanamlia kama bawaba. Akaenda zahanati, Muuguzi Yasna akampima, akakunja uso, akampima tena. Presha mia moja na tisini. Sukari nayo, tusiitaje hadharani.

(Doña Rudecinda: "Itaje tu, ilikwishatajwa kanisani.")

Muuguzi akamwambia, "Mama, hivi vidonge peke yake havitakufikisha kwenye theluji ya Julai. Inabidi utembee. Ule maharage, mboga, matunda, upunguze vya kukaanga. Na utoke nje, upate jua hili dogo lililobaki." Doña Rudecinda akamjibu, "Mwanangu, nitembee wapi? Barabarani malori ya magogo yanapita kama yamekatika breki." Muuguzi akageuka, akaliona bango langu ukutani, akasema maneno ambayo mimi kama kiongozi sitayasahau: "Tembea kwenye njia ya Meya. Inaanzia nyuma ya kiwanda cha mbao."

Kesho yake asubuhi, baada ya mkate wa mwisho kutoka tanuruni, Doña Rudecinda akavaa buti za marehemu mumewe, akaenda nyuma ya kiwanda cha mbao. Alikuta nini? Naomba nisome kama ilivyoandikwa: alikuta changamoto za awali za kiutekelezaji.

(Doña Rudecinda: "Nilikuta ng'ombe." Kicheko. "Ng'ombe na miiba.")

Ng'ombe ni sehemu ya mazingira. Mwingine angerudi jikoni. Yeye alikuja ofisini kwetu, akapokewa kwa ukarimu, na mtumishi wetu, ambaye kwa unyenyekevu hakutaka kukiri kwamba hajui, akamwambia, "Labda mama ulikosea, iko ng'ambo ya mto." Siku ya pili akavuka mto. Siku ya tatu akaambiwa labda ni juu zaidi, karibu na shamba la zamani la matufaha. Akapanda. Njia hakuiona, lakini aliona miti ya matufaha ambayo haina mwenyewe, imejaa hadi matawi yanagusa chini, akajaza aproni. Siku ya nne akaambiwa aulize watu wa msituni, na mtu wa msituni aliyekuwa karibu kuliko wote alikuwa jirani yake, Don Tránsito Cifuentes, aliyekata miti huko juu kwa miaka thelathini.

Sasa Don Tránsito, kama tunavyojua sote, alikuwa amejifungia ndani miaka miwili, tangu tulipomzika Doña Elba, mkewe. Mkate alikuwa anapokelea dirishani. Doña Rudecinda akagonga, akamwambia, "Tránsito, toka ukanionyeshe njia ya Meya." Akajibu kutoka ndani, "Hakuna njia huko." "Una uhakika?" "Nakijua kila kisiki." "Basi toka unithibitishie kwamba haipo, maana mimi naambiwa ipo." Na hapo, ndugu zangu, mzee akatoka! Katika miaka miwili padre hakumtoa, watoto wake wa mjini hawakumtoa, lakini hamu ya kunithibitisha mimi kuwa mwongo ilimtoa siku moja. Tena ilimtoa siku iliyofuata, na iliyofuata. Naomba hili liingizwe kwenye kumbukumbu kama mafanikio.

(Don Tránsito: "Liingizwe! Sijawahi kufurahi hivyo!" Makofi.)

Wakawa wawili, wakawa watano, mwishoni mwa Aprili walikuwa kumi na tisa, kila asubuhi wanatafuta Njia ya Afya. Walipekua ukingo wa mto. Walipekua mabonde. Walirudi wamechoka, wamechubuka, vikapu vimejaa uyoga na murta, vile vitunda vyekundu vinavyonukia hadi chumba cha pili, na wakifika kwa Doña Rudecinda wanakuta sufuria ya maharage na boga, kwa sababu mtu aliyepanda mlima asubuhi nzima hangoji sopaipilla ziumuke. Wanakula, wanakunywa chai ya majani ya mate, wanabishana kesho waelekee wapi. Muuguzi Yasna anasema hapa pembeni kwamba watu walianza kulala usingizi mzito hata wakasahau kuja kuomba dawa za usingizi.

Kisha ikaja ile siku ya ukungu. Mheshimiwa Mjumbe, ukurasa huu haumo katika hotuba niliyoandikiwa. Nimeuongeza mwenyewe kwa kalamu.

Walikuwa juu kabisa, kwenye ile misonobari mikuu inayoangusha njugu zake, piñones, majira haya. Ukungu ukashuka, mtu haoni mkono wake. Wakahesabiana, wakakuta Don Tránsito hayupo. Waliita, wakaita tena. Doña Rudecinda akarudi peke yake akifuata nyayo kwenye matope, na magoti yale yale, akamkuta ameketi chini ya mti, kofia mapajani.

Akamwambia, "Inuka, watu wanakungoja."

Mzee akasema, "Mimi nimefika, Rude. Niacheni hapa hapa. Hapa ndipo tulipokuwa tukiokota na Elba, kila Aprili, miaka arobaini. Sina tena ninachokitafuta."

Doña Rudecinda hakumpa pole. Aliketi kwenye majani mabichi, akatoa mfukoni njugu alizochemsha asubuhi, akamenya moja, akamwekea kiganjani. "Kula." "Sina njaa." "Sikukuuliza kama una njaa." Akala. Akamenyewa ya pili. Akala na ya tatu, halafu akaanza kulia, na katika kulia akaanza kusimulia: jinsi Elba alivyokuwa akipanda haraka kuliko yeye, akimcheka kutoka juu. Miaka miwili hakuwa amelitaja jina lake mbele ya mtu. Walikaa pale hadi ukungu ukaanza kunyanyuka.

(Don Tránsito amevua kofia.)

Kisha Doña Rudecinda akasema... Alisemaje, mama?

(Doña Rudecinda: "Nilimwambia, upande wa kaskazini hatujaupekua.")

Upande wa kaskazini! Naye akajibu, "Huko nako haipo," akainuka, wakashuka kutafuta kaskazini. (Makofi marefu. Bendi inaanza kupiga, inanyamazishwa.)

Bado! Bado nina kurasa tisa! Leo hii, katikati ya Mei, watembeaji ni watu thelathini na mmoja na mbwa wanne. Presha ya Doña Rudecinda ni mia moja na thelathini. Ngazi za kanisa anazipanda huku akiongea. Don Tránsito amekaza mkanda matundu mawili. Tathmini yetu ya ndani inaonesha kwamba mafanikio ya mkakati yamefikia asilimia mia moja na nne, na ndiyo maana Mkoa umetuma pongezi, na ndiyo maana Mheshimiwa Mjumbe yuko hapa, amevaa, naona, viatu vya kutembelea.

(Mjumbe wa Mkoa, akisimama: "Nimevutiwa sana, Meya. Kwa hiyo twende nikaione. Njia yenyewe inaanzia wapi?")

Swali zuri. Swali zuri mno. (Vicheko vya chini chini.) Mheshimiwa, ukilitazama suala hili kwa mtazamo wa kimchakato, ukizingatia kwamba dhana ya njia ni pana, na kwamba mwanzo wa kitu chochote unategemeana na mwisho wake, ambao nao uko katika hatua mbalimbali za kuainishwa na wadau, basi tunaweza kusema kwamba, kijiografia, njia hii ina, nisemeje, ina mtawanyiko.

(Mjumbe: "Mtawanyiko?")

Mtawanyiko mkubwa.

(Don Tránsito: "Imetawanyika hadi haionekani!" Umati unavunjika mbavu. Muuguzi Yasna anampelekea Meya maji. Doña Rudecinda: "Mwambie tu, Evaristo. Mimi nilikuokea mkate ukiwa huna meno. Hakuna atakayekumeza.")

Naam. (Anafuta jasho.) Naomba nimalizie, kama itifaki inavyotaka, kwa kaulimbiu, na mnijibu kwa sauti. Curilemu! ("Oyee!") Mazoezi! ("Oyee!") Maharage na boga! ("Oyee!") Sopaipilla! (Oyee kubwa kuliko zote.) Hapana, hiyo ilikuwa ya kuitikia "Jumapili tu". Wahenga walisema, mtembea bure si sawa na mkaa bure! ("Oyeee!")

Na sasa shukrani. Nawashukuru madiwani kwa kupitisha mchoro. Namshukuru aliyechora mchoro, na aliyepiga ile picha, na mwenye pazia. Lakini kwa namna ya pekee, Mheshimiwa Mjumbe, kwa moyo mkunjufu na goti moja chini, namshukuru Doña Rudecinda Huaiquil, Don Tránsito Cifuentes na wenzao wote kwa kuitafuta, kwa wiki nane, bila kukata tamaa, njia ambayo ofisi yangu haijaichimba hata jembe moja, haina daraja, haina kiti, haina kibao, na haijawahi kuwepo mahali popote duniani isipokuwa kwenye bango.

(Kicheko, makofi, mbinja. Mjumbe wa Mkoa ameziba mdomo, mabega yanatikisika kwa kicheko. Watu wanaanza kuchukua vikapu vyao na kuondoka uwanjani.)

Ngojeni! Ratiba ina kipengele cha tano! Mnakwenda wapi?

(Doña Rudecinda: "Bonde la mashariki, bado hatujalipekua. Mheshimiwa Mjumbe amekwishatangulia." Muuguzi Yasna: "Nawe shuka jukwaani, Meya. Presha yako niliyoipima asubuhi nimeiandika, na si ya kutaja hadharani.")

Jamani, hizi kurasa... (Anazitazama.) Basi nishikieni koti. Don Tránsito, nipe mkono, ngazi hii ni ndefu. Nazo zilizobaki nitawasomea njiani.

(Umati mzima, kwa sauti moja: "Tembea!")