Kompyuta Iliyonyonya kwa Waya

Lukman wa Kirumba hakuwahi kufundishwa kompyuta na mtu, na ilionekana. Alichokuwa nacho ni shati lililopigwa pasi mpaka likakaa kama kadi ya harusi, laptopu nyembamba inayong'aa, na mdomo. Mdomo ndio uliofanya kazi. Laptopu ilikuwa ya kuupa heshima.

Asubuhi hiyo alikuwa Mkuyuni, dukani kwa Bachubai, akipapasa vitenge ambavyo hakuwa na nia ya kununua, aliposikia Bachubai mwenyewe, bibi mwenye duka, akizungumza na mkwewe, Shamsia, aliyekuwa na mtoto mgongoni.

"Hiyo kompyuta ya marehemu mume wangu nzito kama tofali, na kuamka haiamki. Sasa utafanyaje?"

"Nisipopeleka kazi yangu Ijumaa, mama, darasa la jioni wananifuta. Na mwalimu hataki iliyoandikwa kwa mkono."

Lukman akakiachia kitenge, kama mtu aliyeitwa na wajibu.

"Shikamoo, bibi. Samahani kwa kuingilia. Hiyo kompyuta haijafa. Ina njaa."

"Marahaba. Njaa ya nini?"

"Ya Linux. Haya mambo mengine mazito yameishinda, imezeeka. Linux ni laini kama uji."

Ifahamike kwamba Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, hutolewa bure, kwa yeyote, dunia nzima. Lukman alitaka alipwe majora mawili ya vitenge. Tena alikwisha kuyaahidi kwa fundi cherehani mmoja wa Pasiansi, maana mtu makini hupanga mambo yake mapema.

Wakaingia sebuleni, nyuma ya duka. Taher, mwana wa Bachubai na mume wa Shamsia, aliitazama laptopu kuukuu kwa huruma.

"Sidii haisomi, na matundu ya fleshi yote yamekufa. Utaiingizia wapi?"

"Kwa mtandao wa humu humu nyumbani, kaka. Waya mmoja kutoka kwangu hadi kwenye kisanduku chenu cha intaneti, mwingine kutoka kisandukuni hadi kwake. Hii yangu ndiyo mama, hiyo yenu ndiyo mtoto. Mtoto atanyonya."

Hapo, kwa ajali ya kikazi, alisema kweli. Kompyuta kuukuu ikiwashwa kwa namna hiyo hupaza sauti mtandaoni kuomba chakula, na ile ya jirani huitikia. Kisha kioo huuliza: Jaribu, au Sakinisha? Ukisakinisha, Linux inahamia ndani na kukaa. Ukijaribu tu, mashine inaishi kwa kuazima, kila kitu kinapita kwenye waya, na waya ukichomoka inazimika. Kusakinisha kuna maswali, na Lukman hakuwa na urafiki na maswali. Tangu aanze ufundi wake alibonyeza Jaribu, akapokea chake, akakunja waya, na mteja akishituka anakuta namba ya fundi haipatikani.

Akabonyeza Jaribu.

Kioo kikawaka. Shamsia akaandika jina lake, likatokea, akaziba mdomo kwa kiganja. "Jamani, imeamka!"

"Ndiyo kazi yetu," alisema Lukman, majora tayari kwapani. "Sasa nimchukue mama yangu niende."

 Miaka yote ya biashara, Bachubai akiletewa kitambaa alilowesha kidole akasugua rangi, na wakati anasugua hakutazama kitambaa. Alitazama uso wa muuzaji. Akaunyoosha mkono wake kwenye waya.

"Bibi, usiguse!"

Sauti ilimtoka Lukman nyembamba, ya mtu anayeona rangi inachuja.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Bado... bado ananyonya."

"Aa. Kwa hiyo mama yake kajifungua leo?"

"Tuseme hivyo, bibi."

"Taher, funga mlango. Upepo usimpige mzazi."

Taher, aliyebeba majora tangu utoto na mabega yake yakawa kama kabati, akaufunga mlango, akauegemea.

"Nyumba hii mzazi hatoki kabla ya arobaini," alisema Bachubai. "Mimi nilikaa. Mkwe wangu huyu alikaa. Na wewe kwenu Kirumba, mama yako alikutoa nje siku ileile?"

"Bibi, ile ni mashine!"

"Mimi mambo ya mashine sijui. Umesema mwenyewe ni mama. Kama siye, chomoa waya mbele yetu, mtoto asimame peke yake, uende na vitenge vyako."

Lukman akautazama waya. Akayatazama mabega. Akayaweka majora mezani polepole, kama anayelaza kichanga.

"Basi namwacha hapa, nitakuwa napita kumwona."

"Karibu sana. Ila mzazi haendewi mikono mitupu, na huyu chakula chake ni umeme."

Jioni hiyo, kabla ya darasa, Shamsia alibonyeza Sakinisha, mtoto wake kamlalia mapajani. Kioo kikamuuliza anataka lugha gani, yuko wapi, anaitwa nani. Hayo ndiyo maswali yaliyomtisha fundi mzima. Akajibu yote. Ilipomaliza, akachomoa waya kwa macho yaliyofumbwa, akafumbua jicho moja. Kompyuta ilikuwa inawaka, yenyewe, kwa nguvu zake. Ijumaa kazi ikafika kwa mwalimu.

Lukman hakuna aliyemwambia.

Wiki iliyofuata alibisha hodi nyuma ya duka, shati lake limeanza kusahau pasi. Ndani, Shamsia alikuwa anachapa somo jipya kwenye kompyuta ya marehemu, na Taher anapanga hesabu za duka kwenye ile inayong'aa. Bachubai akafungua mlango, kidogo tu.

"Mtoto hajambo, bibi?"

"Hajambo. Ila ananyonya huyo! Umekuja na umeme wa LUKU?"

Lukman akatoa simu, akaanza kumsomea namba za umeme moja moja, taratibu, asije bibi akakosea kuandika.