Mla Dona wa Sekei

Jumapili, 8 Juni
Baada ya ibada nesi Anande ametufundisha vijana kula vyakula asilia na unga usiokobolewa. Maboga, kunde, dona. Sikusikia mengi, nilikuwa namtazama. Nampenda, jamani! Alipouliza nani anakula dona, mkono ulipanda wenyewe. Nikasema nimekulia dona. Uongo mtupu. Jirani yangu Gadiel, anayemtaka pia, akaguna. Anande akaahidi kuja Jumamosi na mama yake kuonja ugali wangu. Na mama! Hiyo ni nusu ya posa.

Jumanne, 10 Juni
Nimejaribu ugali wa dona. Umenikwama kooni. Mimi ni mtu wa sembe, basi. Nimepeleka mahindi mashine ya Levolosi, mbali na macho ya mtaa wetu wa Sekei, nikakoboa yote. Pumba wamepata kuku. Dona la wageni nitanunua siku yenyewe.

Jumamosi, 14 Juni
Asubuhi umeme hakuna, mashine zimelala. Dukani nimeambiwa Gadiel kabeba dona lote. Mshenzi! Lakini mimi si wa kushindwa kirahisi. Nimezoa pumba bandani kwa kuku, nikachanganya na sembe. Mahindi yaleyale!

Wakaja. Nikamwamkia mama shikamoo kwa heshima zote. Gadiel naye akatokea, eti anapita tu. Mama akamega tonge, akatafuna, akatoa unyoya mdomoni. Gadiel akauliza kama dona hili linataga. Nikajibu kwamba chakula asilia hakichambuliwi. Anande akacheka hadi machozi. Mama hakucheka. Alisema hapa wanaokula vizuri ni kuku peke yao, na binti yake hataolewa na mwongo. Nilitamani ardhi inimeze.

Mlangoni Anande akaninong'oneza kwamba atamtuliza mama, ila nimwoneshe kitu kimoja tu cha kweli. Nikasema nina bustani ya mboga nyuma ya nyumba. Atakuja kesho kutwa, akitoka kazini. Nyuma ya nyumba kuna kamba ya kuanikia nguo tu.

Jumapili, 15 Juni
Nimetafakari ibada nzima. Kosa langu nimeliona: sikuchekecha pumba.

Mchana nikaenda sokoni, nikanunua kabeji kubwa kubwa. Nimezichimbia kwa mstari na kuzimwagilia. Zimependeza! Mizizi hazina, lakini Anande kalelewa vizuri. Hawezi kung'oa mboga ya mtu.