Mwinamo wa Wimbo wa Sita

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Sijakaa chini tangu asubuhi. Redio ya mjini imetangaza kwamba Oduor, mpiga gitaa, anaitoa upya albamu yake ya zamani, Mvua ya Saa Kumi. Roki ya gitaa tupu, nyimbo nane, neno hata moja hakuna. Mimi ninayo kwenye kaseti tangu ujana. Kuna shindano: wasikilizaji watume ule wakati wa albamu wanaoupenda kuliko wote, dakika na sekunde, pamoja na sababu. Mshindi atapiga wimbo wa sita na Oduor mwenyewe, jukwaani Kakamega mjini, tarehe kumi na sita.

Nimepiga gitaa kanisani miaka ishirini na miwili. Ninachoambiwa kila Jumapili ni kupunguza sauti. Nataka mara moja tu watu wa hapa Mayoni waseme Chrispinus ana masikio. Nautaka ushindi huu.

Jirani yangu Wanyama, mwenye kinu cha kusaga mahindi, naye anataka kushiriki. Nguzo yetu ya umeme ni moja, ukuta karibu mmoja, amani hakuna. Kaseti hana. Nilimuuliza atashiriki na nini, akasema na masikio. Nilicheka peke yangu hadi nyumbani.

Jumanne, 5 Agosti

Nimechambua. Wimbo wa kwanza, sekunde ya kumi na moja, ngoma zinapoingia bila hodi: nzuri. Wimbo wa tatu, magitaa mawili yanapojibizana kama wake wenza kisimani: nzuri sana. Wimbo wa nne, vidole vya Oduor vinapokwaruza nyuzi na unajua kuna mtu pale: karibu nilie.

Lakini hakuna kama mwinamo wa wimbo wa sita. Gitaa linapanda, linapanda, halafu ghafla linainama. Linashuka hadi chini kabisa, linazubaa kidogo, linainuka tena polepole. Sijawahi kusikia mwingine akiutaja. Nimeusikia mimi tu.

Huwa naweka upande wa pili nikishamaliza chakula cha mchana. Madirisha nafunga, taa nawasha. Mwinamo ukija, hata taa hufifia, nadhani kwa heshima. Kisha Wanyama anawasha kinu na kuniharibia wimbo uliobaki. Kila siku hapo hapo. Wivu wa mtu huyu una ratiba.

Jumapili mwinamo hauji. Sijui kwa nini. Labda kaseti nayo inashika Sabato.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepima kwa simu ya mke wangu, Priscah. Mara ya kwanza, juzi: dakika nne na sekunde kumi. Jana: tatu na hamsini na mbili. Leo: nne na thelathini na moja. Simu hii ni mbovu. Priscah akasema simu haina shida, mimi ndiye nasumbuanga vitu.

Ninachohitaji ni siku moja ya utulivu nipime vizuri. Nimepata njia. Wanyama anapenda mafahali wa kupigana kuliko anavyopenda watu. Nimemwambia kuna mzee kule Matungu anauza fahali mweusi, pembe zimetazama mbele, na kesho asubuhi atampa mtu wa kwanza kufika. Macho yake yakang'aa. Akaanza kujaza upepo kwenye baiskeli hapo hapo.

Alhamisi, 7 Agosti

Wanyama kaondoka alfajiri. Kinu kimefungwa. Kimya kama cha mtihani.

Nikala mapema, nikaweka kaseti, simu mkononi. Wimbo wa sita ukaanza. Gitaa likapanda, likapanda, likaendelea kupanda, wimbo ukaisha. Mwinamo haukuja.

Nikarudisha nyuma. Haukuja. Nikatoa kaseti, nikaizungusha kwa kalamu, nikaipuliza, nikairudisha. Haukuja. Nimesikiliza mara tisa. Nimezunguka nyumba, nimeenda hadi kwenye miwa na kurudi, nimesikiliza mara ya kumi. Nimeumaliza kwa kuupenda kupita kiasi.

Huku mlangoni akina mama wamekaa na madebe ya mahindi wakiuliza Wanyama yuko wapi. Nikasema sijui. Mahindi yetu yenyewe yako ndani ya kinu kilichofungwa. Usiku hakukuwa na obusuma, ugali wetu. Priscah aliweka viazi vitamu mezani, akaniuliza kama najua chochote kuhusu fahali wa Matungu. Nikala viazi.

Ijumaa, 8 Agosti

Wanyama amerudi. Alilowa mvua ya jana, fahali hakumwona, mzee hakumwona. Nilikuwa nimejificha chooni, akanisubiri nje. Akasema ananishukuru: kwa kuwa alikuwa Matungu, alipita kwa dada yake ambaye hajamwona mwaka mzima, wakapatana mambo ya zamani. Dada kampa kuku wawili. Mmoja ni wangu.

Priscah kaipika ile ingokho. Nimeila. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo linaloniudhi.

Kisha nikaweka kaseti, na mwinamo umerudi. Nimepiga magoti sebuleni. Nimetuma ujumbe redioni: wimbo wa sita, dakika ya nne, sekunde ya kumi. Nimeandika kwamba hapo Oduor anaonyesha kuwa hata gitaa lina magoti. Sentensi hiyo ni yangu, sijaiba popote.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeiandika siku hii kwa shida.

Mtangazaji Winrose aliusoma ujumbe wangu vizuri, kwa sauti ya huzuni inayofaa. Oduor alikuwa pale studioni. Akauliza mwinamo upi. Akasema hajawahi kuinamisha chochote kwenye wimbo wa sita, labda msikilizaji ana albamu ya mtu mwingine. Wakaupiga. Umenyooka kama rula. Ukutani nikasikia Wanyama akisikitika kwa niaba yangu.

Kisha Winrose akasoma wa Wanyama. Anapenda mwanzo wa wimbo wa sita, pale Oduor anapovuta pumzi kabla ya kugusa nyuzi. Amesema huisikia kila siku kupitia ukuta wa jirani. Saa hana. Akisikia ile pumzi anajua ni saa nane, anafungua magunia, anamwaga mahindi, anawasha kinu. Oduor akasema hewani kwamba hajui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuisikia pumzi yake.

Wanyama kashinda. Kwa kaseti yangu. Nimelia, na sioni haya kuandika.

Jumatatu, 11 Agosti

Wanyama kabisha hodi. Akasema yeye gitaa hajui hata kulishika, redio imekubali atume mtu, na mtu ni mimi.

Halafu Priscah akatuita sebuleni. Akaweka wimbo wa sita, akamtuma Wanyama awashe kinu. Taa ikafifia, gitaa likainama. Akapaza sauti kinu kizimwe, kisha kiwashwe. Gitaa likainama tena. Alifanya hivyo mara tano, akinitazama mimi na si redio. Kinu kikiwaka kinanyonya umeme, kaseti inalegea, akasema, na mtoto wa nasari angejua.

Sawa. Nimeelewa. Nimemwahidi Wanyama kwamba Jumamosi nitapiga wimbo ulivyo, ulionyooka.

Jumapili, 17 Agosti

Jana ukumbi ulijaa. Wanyama alikaa mstari wa mbele na suti ya harusi yake. Nilianza vizuri. Oduor akanitikisia kichwa, na kwa dakika tatu nilikuwa mtu niliyetaka kuwa. Kisha dakika ya nne ikafika, na kidole kikainamisha uzi chenyewe. Hadi chini kabisa.

Oduor akasimamisha bendi. Tukaanza upya. Nikainamisha tena. Mara ya tatu walinipa kayamba.

Watu walicheka. Wanyama alipiga makofi peke yake, amesimama. Njiani kurudi alisema huo mwinamo wangu ulikuwa mzuri, hakujua kinu chake kinaweza kitu kama hicho.

Jumatatu, 18 Agosti

Mtu hawezi kuishi na jirani mzembe namna hii. Leo Priscah alichelewa shambani, nikala saa nane, nikaweka kaseti baada ya hapo. Na Wanyama? Kinu kakiwasha saa nane na nusu! Akina mama wanangoja, mwinamo wangu unangoja. Nilimwendea nikamwambia wazi kwamba sanaa inataka nidhamu. Akaniomba radhi, akasema saa hana.

Hapo nikapata wazo. Kesho naenda Mumias kumnunulia saa ya ukutani, kubwa, yenye kengele. Nitaipigilia msumari mwenyewe mbele ya kinu. Asitegemee tena kaseti ya mtu, awe anawasha saa nane kamili, nami nile muda wowote ninaotaka. Mwinamo hautachelewa tena maishani mwangu.