Mwarobaini kwa Asali ya Ngaramtoni

Jumatano, 5 Machi 1997
Kliniki. Sukari kumi na nne. Nesi Irine kanipa vidonge na karipio: mguu huu unaokufa ganzi nikiupuuza, utakatwa. Niliogopa, sikatai. Lakini vidonge ni mambo ya Eliasi, jirani yangu hapa Lemara na mgonjwa mwenzangu wa kisukari, anayevimeza kwa saa na kutembea kila asubuhi akirusha mikono. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Tangu kiwanda kiuzwe na sisi tupunguzwe kazi, nimekuwa nikitafuta biashara. Sasa nimeipata. Nitajitibu kwa mwarobaini, nipone, niuze. Vidonge viko juu ya kabati.

Ijumaa, 7 Machi
Nimechemsha majani sufuria nzima. Chungu kupindukia. Mke wangu Tekla kaonja, katemea kwenye maua. Nani atanunua adhabu? Nikaenda Ngaramtoni kutafuta asali ya porini, nikachanganya nusu kwa nusu. Sasa inanyweka. Tekla akauliza kama asali si sukari. Nikamweleza kwa upole kwamba sukari hutoka kiwandani, asali hutoka kwa nyuki, na nyuki hajawahi kuugua kisukari. Nimekunywa vikombe vitatu, na ndizi mbivu nne za kusindikizia.

Jumapili, 9 Machi
Mpango kabambe. Nimetoa chupa moja kama sadaka, inadiwe baada ya ibada pamoja na mayai na mikungu ya ndizi. Tangazo la bure mbele ya usharika mzima. Mzee Solomoni akanadi. Eliasi akanunua! Kisha akasema anairudisha mnadani kwa utukufu wa Bwana. Mama Ndeshi akanunua, naye akairudisha. Mwalimu wa kwaya na mwingine wa nne vivyo hivyo. Mnunuzi wa tano akamzawadia mchungaji, ambaye alishukuru sana, akaniomba nimtunzie. Tekla alicheka njia nzima. Haoni mbali. Wanunuzi watano kwa chupa moja, bidhaa gani mjini hapa ina soko hilo?

Jumatatu, 10 Machi
Kliniki asubuhi, bila kula kitu. Vikombe viwili tu vya dawa, ili majibu yawe mazuri. Kumi na tisa. Nesi Irine akapima tena. Kumi na tisa. Eliasi, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, sita. Akanipa pole kwa sauti ya kusikika hadi getini. Nyumbani Tekla hakucheka. Alilia. Akashusha vidonge kabatini, akasema, “Baba Brian, mguu ukikatwa mimi nifanyeje?” Niliona aibu kweli.

Jumanne, 11 Machi
Nimetubu. Nimemwahidi Tekla vidonge asubuhi na jioni, bila kukosa. Leo nimeanza, mbele ya macho yake. Vichungu, vinakwama kooni. Alipogeuka nikaviteremsha kwa kikombe cha dawa yangu. Sukari ikishuka, Eliasi atajua ni dawa ya nani. Nimeagiza chupa tupu arobaini.