Kompyuta ya Gari na Safari ya Mampong

Jumatatu, 10 Juni 2019

Gari limezima tena. Mara ya nne leo, na mara hii katikati ya makutano ya Kejetia hapa mjini, trafiki akinitazama. Likipoa linawaka kama halikufanya kitu. Nimeshabadilisha plagi, pampu ya mafuta na sensa mbili za injini. Zote nilizichagua mwenyewe, kwa hisia.

Na Jumamosi ni mazishi ya Maame Dufie kule Mampong. Mabango yake nimeyachapa mimi. Ndiyo kazi yangu, mabango ya misiba, na si kwa kujisifu, lakini hakuna marehemu wangu aliyewahi kutokea amefumba macho. Marehemu ni dada pekee wa mama mkwe wangu, Maame Konadu. Miaka kumi na tisa ya ndoa, mama mkwe hajapanda gari langu hata siku moja. Anapanda pikapu mpya ya Dwomoh, aliyeoa mdogo wa mke wangu. Mwanyumba wangu huyu humfungulia mlango kwa mkono mmoja, kama bawabu wa hoteli.

Jana, mbele ya ukoo mzima, nilisimama nikatangaza kwamba Jumamosi mama atakwenda na mimi. Dwomoh akauliza kwa upole kama nitamsukuma au nitambeba mgongoni. Watu wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Alinitazama, akasema sawa.

Akasema sawa! Nimekwisha.

Jumanne, 11 Juni

Suame, kwenye magereji. Nimempelekea gari Pinamang, fundi umeme, mama wa miaka hamsini hivi, miwani yake imefungwa kwa waya. Nilimwambia mapema kabisa kwamba tatizo ni rejeta. Akaniuliza, kama najua, nimekuja kufanya nini.

Hakugusa rejeta. Alipima umeme unaoingia, akapima waya za hasi, akatikisa kila soketi injini ikiwa imechemka. Saa mbili nzima. Mwisho akafungua kisanduku kilicho chini ya kioo cha mbele, akaitoa kompyuta ya injini. Ndani imeota ukungu wa kijani. Majani yameziba tundu la kutolea maji ya mvua, akasema, na maji yamekuwa yakijaa humo miaka na miaka. Nikasema basi tuipanguse. Akanitazama juu ya miwani.

Itafutwe nyingine, akasema, yenye namba ileile mpaka tarakimu ya mwisho. Na isije peke yake. Ije na kidude cha kuzuia wizi na ufunguo, vyote kutoka gari moja, maana vitu hivyo vitatu vinajuana. Akaahidi kuulizia kwa wenzake.

Vinajuana! Mafundi bwana. Nimechukua kompyuta yangu na kuja nayo nyumbani. Gari nimelivuta kwa gari la jirani.

Jumatano, 12 Juni

Nimesoma kwenye simu kwamba kompyuta ikipashwa moto, lehemu iliyopasuka inayeyuka na kujiunga upya. Mke wangu, Afriyie, alikuwa sokoni. Oveni ilikuwa haina kazi. Dakika nane, moto wa wastani.

Ilitoa moshi kidogo. Nikafungua madirisha.

Nikairudisha kwenye gari. Kimya. Zamani lilikuwa linazima likichemka tu. Sasa haliwaki kabisa. Nayahesabu kuwa maendeleo, kwa sababu tatizo limeacha kujificha.

Jioni Afriyie alioka pai za nyama arobaini za oda ya akina mama wa kanisa. Zimerudi thelathini na nane. Mwenyekiti wao ameuliza kama nyama ni ya mbuzi au ya tairi. Afriyie amenusa oveni, akaninusa na mimi. Nalala sebuleni.

Alhamisi, 13 Juni

Nilikwenda Suame kwa njia ya nyuma, kofia imenishuka mpaka puani, Pinamang asinione. Muuza spea wa magari yaliyokatwa alikuwa na kompyuta inayofanana na yangu kama pacha. Tarakimu mbili za mwisho tu zilikuwa tofauti. Muuzaji akasema hizo ni za urembo. Nikamwamini mara moja, kwa sababu hakuvaa miwani.

Gari likawaka! Sekunde moja, likazima. Nikawasha tena. Sekunde moja, likazima. Taa yenye picha ya ufunguo inapepesa kama inanikonyeza. Nimejaribu mara thelathini. Kwa mwendo wa sekunde moja moja, Mampong ni mbali.

Dwomoh akapita, akashusha kioo, akauliza ninafanya nini. Nikamwambia nalizoesha. Akasema pikapu ipo, mwanyumba, hakuna haja ya kuteseka. Alisema kwa wema kabisa. Ndicho kilichoniuma.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemeza kiburi na kurudi kwa Pinamang. Nikamsimulia yote, pamoja na oveni. Akauliza dakika ngapi. Nikasema nane. Alicheka mpaka akavua miwani, ule waya ukakatika.

Lakini alikuwa ameshavipata: kompyuta yenye namba yangu, kidude chake na ufunguo wake, vyote kutoka gari moja lililogongwa. Akafunga. Gari likawaka, likaendelea kuwaka. Tulikaa saa nzima tukilisikiliza likinguruma. Sioni aibu kuandika kwamba machozi yalinilenga.

Akanionya: mpira wa kifuniko cha kile kisanduku umekatika, na tundu la maji halijazibuka vizuri. Jumatatu nimrudishie gari alimalize. Mpaka siku hiyo nisilimwagie maji, na mvua ikinyesha niliweke chini ya paa. Nikamwambia nimeelewa.

Saa kumi na mbili jioni. Nimefungua boneti. Vumbi tupu. Je, mama mkwe akitaka kuangalia injini? Nimechukua mpira wa kumwagilia bustani, nikaiosha mpaka ikang'aa kama sahani ya arusi.

Jumamosi, 15 Juni

Mama mkwe alitoka ndani amevaa nyeusi na nyekundu, kilemba kimekaa sawasawa. Nikamfungulia mlango kwa mikono miwili. Akakaa nyuma. Mpaka Ntonso, mji wa njiani, tulikwenda kama watu wa serikalini. Pale gari likakohoa, likafa.

Nikafungua kisanduku. Kompyuta inaogelea.

Nilirudi nikakaa kwenye usukani. Akaniuliza kimetokea nini. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, lakini alikuwa ameshika picha ya dada yake mapajani.

"Mama, niliiosha."

"Nini?"

"Injini. Nilitaka ukiiona ing'ae."

Aliitazama ile picha. "Dufie naye alikuwa hivyohivyo," akasema. "Siku ya ndoa yangu alipaka rangi kiti changu kipendeze. Asubuhi ileile. Nikakikalia."

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka mabega yakatikisika, na katikati ya kicheko kile akaanza kulia. Nilimpa kitambaa cha kufutia kioo. Alikipokea.

Pikapu ikafika. Dwomoh akashuka, akafungua mlango wake kwa mkono mmoja. "Mama, njoo tuwahi. Huyu tutamkuta hapa tukirudi."

Mama mkwe hakusogea. "Nilimwambia sawa mbele ya watu. Nitafika ndani ya gari lake. Wewe tafuta kamba."

Basi tukaingia Mampong tukivutwa. Ngoma zinalia, ukoo mzima umesimama, na mimi nimeshika usukani kwa heshima yote, mama mkwe nyuma yangu ameinua kichwa kama malkia. Hakuna aliyethubutu kucheka. Aliposhuka alishika mkono wangu, si wa Dwomoh, akauegemea hatua kwa hatua mpaka kwenye jeneza. Nilimshikilia mpaka alipomaliza kumuaga dada yake.

Jumapili, 16 Juni

Tumelala Mampong kwa ajili ya ibada ya shukrani. Nimeyatafakari yote ya wiki hii kwa utulivu, na nimeona kosa langu. Niliosha kwa maji baridi.

Wakati wa chai Dwomoh alisema pikapu yake inaonyesha taa ya njano kwenye dashibodi tangu asubuhi. Nikamweleza kwamba ile kazi ya kuvuta lazima imeichosha kompyuta yake. Akacheka, akasema kesho ataipeleka kwa mafundi wake. Mafundi! Watampotezea siku nzima.

Sasa wote wako kanisani. Nimesema tumbo linanisumbua. Funguo za pikapu ziko mezani, na jikoni kwa wenyeji wetu nimepata bisibisi nzuri sana. Kompyuta ya mwanyumba iko pembeni mwa injini, mahali pa wazi kabisa, na skrubu zake ni sita tu.

Nimeshatoa nne.